Sauti Isiyoacha Shimo

Andika neno "Ganda" katika katalogi ya hifadhi kubwa ya sauti za Afrika mtandaoni, na utakachopewa ni Buganda: marimba za amadinda, ngoma za ikulu ya Mengo, wapiga filimbi wa mfalme, Kabaka, waliorekodiwa na mtafiti Hugh Tracey mwaka 1950 na 1952. Ni muziki mzuri ajabu, lakini si wa huku. Ganda yetu ni ile unayoipita ukitoka Malindi mjini kuelekea Kakoneni, Jilore na Langobaya, kusini mwa Mto Sabaki. Hiyo kwenye katalogi haimo. Hata hivyo nchi inayoizunguka iliwahi kutoa sauti iliyoitikisa serikali nzima, na kutoka humo humo wametoka waimbaji waliosikika Afrika Mashariki yote. Historia ninayotaka kuisimulia ni ya sauti hizo: vipi baadhi zilipotea hewani, vipi nyingine zilinaswa na vyombo vya wageni zikapelekwa mbali, na vipi sasa zinarudi bure kwa njia ya simu, nyingi zikiwa zimeangusha majina yao njiani.

Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza alizunguka vijiji vya Wagiriama akicheza kifudu. Kifudu ni ngoma ya matanga, na mahali inapochezwa mtu hapiti akaenda zake. Watu walisimama, wakaingia, wakafuata. Kundi lilipokuwa kubwa, Mekatilili alianza kusema: vijana wasitolewe kuwa vibarua wa Wazungu, kodi isilipwe, watu warudi Kaya Fungo, kaya yao takatifu, wakale viapo. Wanawake wakala kiapo cha mukushekushe, wanaume wakala kiapo cha fisi. Risasi zilikuja baadaye. Mwanzo wa vita vya Wagiriama ulikuwa ngoma na maneno ya mama mmoja mjane.

Serikali ilimkamata Oktoba 1913 pamoja na Wanje wa Mwadorikola, ikawapeleka mbali kabisa, nchi ya Wakisii. Januari 1914 wakatoroka wakarudi pwani kwa miguu. Agosti mwaka huo Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti, wakawatoza Wagiriama faini ya rupia 100,000, na wakawahamisha kwa nguvu waliokuwa wakilima ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki.

Haya yote twayajua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni wazee, ambao hawakuacha kuyasimulia. Ya pili ni karatasi. Ofisa Arthur Champion, aliyetumwa kuwatawala Wagiriama, aliandika ripoti juu ya ripoti, na mwaka 1914 akaandika kitabu kizima juu ya mila zao, kikachapishwa 1967. Kwa hiyo aliyetawala tunaweza kumsoma neno kwa neno, na aliyepinga tunamsikia kupitia midomo ya wengine. Sauti ya Mekatilili haipo popote duniani. Haipo Nairobi, haipo London.

Na tusidhani ni kwa sababu chombo hakikuwapo. Thomas Edison alitengeneza fonografu yake 1877. Mwaka 1900 Carl Stumpf alianzisha Berlin hifadhi ya sauti za mataifa, Phonogramm-Archiv, na Wajerumani waliokwenda ng'ambo wakawa wanapewa mashine na mirija mitupu ya nta. Mwaka 1906 Karl Weule aliibeba fonografu kutoka Lindi hadi uwanda wa Newala, akanasa nyimbo za Wamakonde, Wayao na Wamakua. Kazi ya mashine hiyo ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kufanya: mwimbaji husogezwa mbele ya tarumbeta kubwa, sauti yake hutikisa sindano, na sindano huchora mfereji mwembamba juu ya nta inayozunguka. Dakika mbili au tatu, nta imejaa. Akikohoa mtu, kikohozi nacho kimeingia. Joto likizidi, nta inalegea na wimbo unaharibika.

Miaka saba kabla ya kifudu cha Mekatilili, basi, nyimbo za wanakijiji wa kusini mwa Tanganyika zilikuwa tayari zimefungwa kwenye masanduku kuelekea Ulaya. Mirija ile ilipitia mengi. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia sehemu kubwa ya hazina ya Berlin ilichukuliwa na Warusi hadi Leningrad, ikarudishwa Berlin ya Mashariki, na kufika ilikoanzia ikawa ni mwaka 1991, Ujerumani ilipokwisha kuungana. Mwaka 1999 UNESCO iliiingiza katika rejista yake ya Kumbukumbu za Dunia. Sauti za wakulima wa Newala zimesafiri kuliko wakulima wenyewe walivyowahi kuota.

Pwani yetu ilifikiwa na biashara. Mwaka 1928 mwimbaji Siti binti Saad na wenzake walipanda meli kutoka Unguja kwenda Bombay kurekodi santuri za Gramophone Company, zile zenye picha ya mbwa anayesikiliza kinanda. Santuri zikarudi na meli zikauzwa Unguja, Mombasa na miji mingine ya mwambao, na kampuni nyingine zilipoona faida zikaja zenyewe na mitambo yao. Kila upande wa santuri ulikuwa na dakika tatu hivi, ukizunguka mara 78 kwa dakika. Washairi waliozoea kuimba usiku kucha wakajifunza kulifupisha shairi likae ndani ya kipimo hicho.

Hapa pana jambo ambalo naona halijasemwa vya kutosha. Santuri ya biashara ilihitaji jina ili iuzike. Mnunuzi alitaka Siti, hakutaka "mwanamke Mswahili." Kwa hiyo karatasi ya duara iliyogundishwa katikati ya santuri ilichapwa jina la mwimbaji na jina la wimbo, na leo, karibu miaka 100 baadaye, tunajua nani aliimba nini. Mrija wa mtaalamu ulihitaji kabila. Mara nyingi uliandikwa kabila, mahali, aina ya ngoma na jina la Mzungu aliyeshika mashine. Mwimbaji akabaki "mwanamume," "wanawake," "kundi la wavulana." Tofauti hiyo ya jina ndiyo inayoamua leo kama mjukuu ataweza kumtafuta babu yake au la.

Mekatilili alifariki katikati ya miaka ya 1920. Mwaka 1924 alizaliwa Fundi Konde, Mgiriama, huko Mwabayanyundo katika nchi ya Kilifi. Huyu alipata bahati ambayo Mekatilili hakuipata: alikua wakati mashine za kurekodi zimeshafika mjini. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aliingia kikosi cha burudani cha jeshi la King's African Rifles (KAR), na kuanzia 1947 nyimbo zake za gitaa zilikuwa zikitolewa kwa santuri chini ya mtayarishaji Peter Colmore wa Nairobi. Kiswahili chake ni safi na cha taratibu, sauti yake haina papara, na gitaa lake lina upole wa mtu anayezungumza barazani. "Tausi" imeimbwa na wengi baada yake. Miaka ya 1990 rekodi zake za 1947 hadi 1956 zilikusanywa upya, na vijana wa Them Mushrooms, bendi iliyoanzishwa 1972 na ndugu wa familia moja kutoka Kaloleni, wakarudi studio pamoja naye kuzirekodi tena nyimbo zake za kale. Alifariki mwaka 2000. Ukitaka kumsikia akiwa kijana, leo huhitaji kinanda wala santuri. Andika jina lake kwenye simu, na sindano ya miaka ya 1950 inaanza kukwaruza.

Malindi nayo ilitoa mwimbaji wa namna nyingine. Mohamed Khamis Juma Bhalo alizaliwa huko 1942, akaja kuwa bingwa wa taarabu yenye mahadhi ya Kihindi, mashairi ya Kimvita juu ya tuni zilizotoka sinema za Bombay. Santuri za plastiki alizirekodi, lakini kilichombeba hadi kila nyumba ya mwambao ni kanda. Arusi ikifanywa, kinasa sauti kikiwekwa karibu na kipaza sauti, asubuhi yake kanda ishafika dukani Mbwana Radio, Mombasa, na inatolewa nakala moja baada ya nyingine. Ndani ya kanda hizo hamna muziki pekee. Mna wanawake wanaopiga vigelegele, mtunzaji anayetajwa jina, mtoto anayelia, jenereta. Kwa mwanahistoria hiyo ni mali kubwa kuliko rekodi safi ya studio, maana imenasa na waliokuwa wakisikiliza.

Bhalo alifariki Aprili 2014. Kanda zake zilikuwa zimekwisha kuanza kufa kabla yake. Hewa ya bahari ni adui wa utepe: unapata ukungu, unashikana, unakatika. Waliookoa kazi hizo, nataka niseme kwa heshima, hawakuwa maprofesa. Ni mashabiki, vijana wa Mombasa, Malindi na Lamu, na wenzao walioko Muscat, Dubai na London, waliounganisha redio kaseti na kompyuta kwa waya mmoja na kuupandisha wimbo mtandaoni. Hifadhi kubwa ya bure ya sauti za mwambao imejengwa na watu hawa, usiku, kwa gharama zao wenyewe.

Upande wa ngoma za bara, aliyefanya kazi kubwa kupita wote ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyeishi kusini mwa Afrika. Alizunguka na gari la kurekodia, Kenya na Tanganyika akapita 1950, na mwaka 1954 akaanzisha Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Afrika, ILAM, ambayo sasa iko Chuo Kikuu cha Rhodes, Makhanda. Mfululizo wake wa santuri ulizidi 200. Tracey, na hili ni la kumshukuru, aliandika majina ya waimbaji mara nyingi kuliko wenzake. Mwaka 2014 ILAM na mradi wa Singing Wells, unaoendeshwa na Ketebul Music ya Nairobi pamoja na wafadhili wa Uingereza, walizirudisha nakala hadi Kapkatet kwa Wakipsigis, kwa jamii iliyoimba mbele ya kipaza sauti cha Tracey mwaka 1950. Wazee waliokuwa vijana wakati ule walizisikia sauti zao wenyewe baada ya miaka 64.

Miaka 64! Na hata mirabaha ikiachwa kando, hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba sauti zao zipo.

Hapo ndipo nakumbuka vigango. Kila mtu wa Ganda anajua kigango ni nini: nguzo ya mbao iliyochongwa kumkumbuka mtu wa chama cha Gohu, inayosimikwa nyumbani na isiyoguswa. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kilifi akiwa na vigango viwili alivyovisimamisha kwa ajili ya nduguze. Muda mfupi baadaye viliibwa. Miaka ikapita, Udvardy akakiona kimoja katika picha za makusanyo ya Marekani. Vikatafutwa, vikapatikana, kimoja jimbo la Illinois na kingine Virginia, na mwaka 2007 kijiji kilifanya sherehe ya mapokezi. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver nalo likakubali kuachilia vigango 30.

Kigango kikiibwa kinaacha shimo ardhini. Watu wanaamka asubuhi wanaliona, wanalia, wanadai. Sauti ikichukuliwa haiachi shimo. Mwimbaji anaimba, mgeni anashukuru, anafunga masanduku, na kijiji kinabaki vile vile kama kwamba hakijatoa kitu. Hakuna wa kudai kwa sababu hakuna anayejua kuna cha kudaiwa. Lakini sauti ina sifa nyingine ambayo mbao haina: inaweza kurudi bila kutoka ilipo. Ndiyo maana hifadhi hizi za bure ni jambo kubwa kwetu kuliko kwa wenye nazo.

Internet Archive, maktaba ya mtandaoni, ilianzishwa Marekani 1996, na mwaka 2017 ikaanza mradi wa kuzigeuza santuri za zamani za 78 kuwa za kidijitali na kuziweka wazi kwa yeyote. Maktaba ya Uingereza ilifungua maelfu ya rekodi, zikiwemo zile alizonasa mtafiti Klaus Wachsmann Uganda kati ya 1949 na 1952. Sifa hizo zote ni za kweli. Lakini cha bure si lazima kiwe cha kudumu. Oktoba 2023 wahalifu wa mtandao waliivamia Maktaba ya Uingereza, na sauti hizo zikanyamaza kwa muda mrefu. Agosti mwaka huo kampuni kubwa za muziki zilikuwa zimeishitaki Internet Archive juu ya santuri za 78, kesi iliyoishia kwa mapatano mwaka 2025. Oktoba 2024 Internet Archive yenyewe ikavamiwa. Waganda walinusurika kwa sababu nakala za Wachsmann zilikuwa zimekwisha pelekwa Chuo Kikuu cha Makerere. London ikizimika, Kampala inaendelea kusikiliza. Ikulu ya Mengo nayo ilishambuliwa 1966 na wapigaji wa Kabaka wakatawanyika, na mapigo waliyokuwa nayo yamebaki katika rekodi za Tracey na Wachsmann. Nakala moja haitoshi, na nakala iliyoko nyumba ya mwenzio si yako.

Sheria nayo inafaa kujulikana. Kwa sheria ya Kenya haki ya rekodi hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na haki ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hiyo haki za rekodi za Fundi Konde za 1956 ziliisha mwisho wa 2006, ila tungo zake bado ni mali ya warithi wake hadi mwisho wa 2050. Kumsikiliza si kosa. Kuuchukua wimbo wake ukautia katika tangazo la biashara bila kuwauliza watoto wake ni kosa. Na tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya asili na sanaa za jadi, inayozipa jamii sauti juu ya kile kilicho chao. Hili ni muhimu kwa sababu si kila wimbo wa kaya uliimbwa uje usikilizwe na dunia. Zipo nyimbo za kuponya pepo kwa kayamba, zipo za wanawake peke yao, zipo za viapo. Mtafiti aliyeruhusiwa kuzirekodi hakuruhusiwa kwa hivyo kuzitandaza. Nadhani wazee wa kaya wana haki ya kusema: hii iacheni wazi, ile ifungeni, na hifadhi yoyote yenye adabu itatii.

Tatizo gumu linabaki lile la jina. Anayezitafuta sauti za Wagiriama lazima ajue jinsi wageni walivyotuandika. Krapf na Rebmann, wamisionari wa Rabai tangu miaka ya 1840, walituita Wanika, na kamusi yao ikaitwa ya Kinika. W. E. Taylor mwaka 1891 aliandika Giryama, kwa y. Champion aliandika Agiryama. Wengine walitujumlisha wote, Wachonyi, Wakauma, Waribe na wenzao, katika neno Nyika. Jina Mijikenda lilienea miaka ya 1940 tu. Basi ukiandika "Giriama" ukapata matokeo machache usikate tamaa. Andika Giryama, andika Nyika, andika Nika, andika Kilifi, Malindi, Rabai, Kaloleni, kisha andika jina la ngoma yenyewe: mwanzele, gonda, kifudu, sengenya, kayamba.

Ukipata, usisikilize peke yako. Peleka simu kwa mwenye umri. Yule mtaalamu wa mbali amehifadhi sauti vizuri, lakini hawezi kusema kama maneno hayo ni Kigiriama cha Malindi au Kichonyi, kama ni hanga, yaani matanga, au ni arusi, kama anayeongoza anamtaja mtu wa ukoo fulani. Bibi aliyekaa Ganda anaweza, kwa kusikia mstari mmoja. Hifadhi nyingi zinapokea barua za masahihisho. Mwandikie mwenye hifadhi, mwambie wimbo huu unaitwaje, unaimbwa lini, na nani anaweza kuwa mwimbaji.

Na kinasa sauti sasa kiko mfukoni mwako. Ukimrekodi babu au bibi, kabla hajaanza kuimba mwombe ataje jina lake, jina la baba yake, mbari yake na kijiji chake, nawe utaje tarehe. Kisha mpe nakala mwenyewe, nyingine upeleke kwa ndugu anayekaa mbali, ya tatu uiweke palipo pakavu, mbali na hewa ya bahari.